Fomu ya Kodi ya Ndoa Yetu Haina Pa Kumweka Mama

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana, na pole kwa kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa gazeti lenyewe hunifikia likiwa limeshachakaa, kwa sababu mwenye duka la vitambaa hunifungia nalo mzigo, nami huunyoosha ukurasa wako kwa pasi kabla ya kuusoma. Sikuwahi kufikiri kuwa nitakuandikia. Leo naomba msaada wako, tena kabla mwezi haujaisha, maana jambo langu lina tarehe na tarehe yenyewe ni ya serikali.

Mimi ni mama wa makamo, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile kinachotazama barabara. Elimu yangu si kubwa, niliishia pale ada ilipoishia, lakini kusoma nasoma, na kodi yangu ya mapato nimekuwa nikiilipa kila mwaka bila kusukumwa na mtu, kwa sababu naamini mkono unaoshika Biblia asubuhi hauwezi kuficha vya watu jioni.

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la mikate. Alifariki ghafla, miaka mingi sasa, Mungu ampumzishe, hatukujaliwa mtoto, na baada ya mazishi ndugu zake walirudi makwao mmoja mmoja, nikabaki na viatu vyake mlangoni na mama yake chumba cha nyuma. Hakuna aliyesema mama abaki na hakuna aliyesema aondoke. Nilipika akala, kesho yake akachambua maharage yeye nikala mimi, basi maisha yakaendelea hivyo mpaka leo. Namwita Mama, yeye ananiita binti, na macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu, lakini kuta za nyumba hii anazijua kwa viganja.

Sasa nikueleze desturi yetu moja, maana hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mwaka wa kwanza wa ujane nilikwenda ofisi ya kodi kupeleka ritani yangu, yaani ile fomu ya kueleza mwaka mzima umepata nini na kodi yako ni ipi, na pale penye wategemezi nikaandika hakuna. Karani wa dirishani akanitazama juu ya miwani akauliza, "Mama, unaishi peke yako?" Nikasema naishi na mama wa marehemu. "Anakula kwa nani?" Nikasema kwangu. "Basi mbona unamficha? Mwandike." Akanipa fomu nyingine nikamwandika jina lake, na penye uhusiano nikaandika mama wa marehemu mume wangu. Niliporudi nyumbani nikamsomea, akaniambia nirudie, nikarudia, halafu akaomba kidole chake kiwekwe pale pale jina lilipo. Na kila mwaka tangu hapo, fomu ikija, ananawa mikono, anafunga kilemba chake cha ibadani, anakaa mezani na kusema, "Haya binti, nisomee pangu." Nasoma. Yeye anaitikia, "Nipo," kama mtoto anayeitwa darasani, tunacheka, tunakunywa chai, kesho yake napeleka fomu.

Mwaka jana Mungu alinikumbuka, nikaolewa tena kanisani kwetu. Aliyenioa, Fundi, ni fundi bomba wa hospitali, alikuwa hajawahi kuoa na watu walishamkatia tamaa. Alikuja kutengeneza bomba la uani, akarudi kuliangalia, akarudi tena, mpaka Mama akaniuliza, "Binti, hilo bomba lina ugonjwa gani usiopona?" Aliponitamkia ndoa nilimwambia wazi kwamba mimi siko peke yangu, nina mama wa watu ndani. Akasema, "Na mimi nina sanduku la vifaa, kila mtu ana kizito chake, tubebane." Akahamia kwetu, kwa sababu Mama hawezi kuanza kujifunza kuta nyingine katika umri ule.

Ni mtu mwema, nisimsingizie. Wiki ile ile aliyohamia aliweka chuma cha kushikilia bafuni ili Mama asiteleze, wala hakutumwa na mtu. Ila ana mambo yake. Lile sanduku lake mpaka leo liko kwenye korido karibu na mlango, nimejikwaa nalo hadi kidole kimekufa ganzi, nikimwambia alitoe anauliza alipeleke wapi, na kweli hakuna pa kuliweka, maana kabati la chumbani upande mmoja una nguo zangu na upande wa pili una makoti ya mume wangu, na chini yake viatu.

Basi kwetu sheria inaruhusu mtu na mkewe wapeleke ritani moja ya pamoja, au kila mtu ya kwake. Fundi akaenda steshenari, akaambiwa na mama anayetoa kopi pale kwamba ya pamoja ina nafuu kidogo na ndiyo wanayoichukua watu wengi wa ndoa mpya. Akarudi nayo ndani ya bahasha ngumu, isikunjike, akaniambia, "Mke wangu, tangu cheti cha ndoa hii ndiyo karatasi ya kwanza yenye majina yetu mawili." Alikuwa anatabasamu mpaka nikaona aibu nikaangalia cherehani.

Jumamosi nilikwenda kupeleka sare shuleni. Niliporudi, nikiwa bado kwenye korido, nikawasikia wanacheka mezani, Mama na Fundi, kile kicheko cha watu wenye jambo lao. Nilipoingia wakanyamaza. Mama alikuwa amefunga kilemba. Akainuka, akasema, "Mwanangu, nishike mkono nikalale kidogo," na Fundi akainuka akamshika. Mshauri, neno hilo mwanangu, mara ya mwisho nililisikia katika kinywa cha Mama akimwita mume wangu. Nilisimama na kikapu changu mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Fomu ilikuwa pale mezani, ameshaijaza kwa herufi kubwa kubwa, kama zile anazoandika kwenye mapipa ya maji hospitalini. Nikaisoma yote. Nilipofika penye wategemezi nikakuta jina la Mama, na penye uhusiano ameandika MAMA MZAZI WA MKE.

Aliporudi nikamuuliza, "Fundi, hiki ni nini?"

Akasema, "Kipi?"

"Hapa. Mama yangu mzazi yuko makaburini, na wewe unajua, umenisindikiza kupalilia."

"Najua. Lakini nyuma ya fomu wameandika wanaokubalika, mzazi, mtoto, ndugu wa damu. Sikuona mama wa marehemu. Nimeandika kilicho karibu na ukweli."

"Kilicho karibu na ukweli ni uongo, Fundi. Na hapa chini tunaapa, wote wawili. Mimi siweki sahihi."

Akafikiri, akasema kwa upole tu, "Basi tumwache nje mwaka huu. Kukosa nafuu ya kodi kwa ajili yake hakutatuua."

Nikamwambia, "Umwache nje wapi? Mama ataniuliza nimsomee pake. Nitamsomea hewa?" Halafu nikasema neno ambalo mimi niliona ni la busara, nikasema basi wewe peleka yako na mimi nitapeleka yangu kama nilivyozoea miaka yote, yangu ina nafasi ya Mama na hakuna atakayedanganya.

Alikunja mikono ya shati lake taratibu, akasema, "Kwa hiyo nyumbani wewe ni mke wangu, na kule serikalini bado ni mjane." Nikasema sikumaanisha hivyo. Akasema, "Sijakasirika." Akachukua sanduku lake akaenda kwa jirani kutengeneza bomba ambalo nadhani halikuwa limeharibika.

Tangu siku hiyo ana adabu. Sijui kama utanielewa. Hanigombezi, hanuni, anashukuru chakula, lakini anagonga mlango wa chumba chetu kabla ya kuingia. Anauliza kama anaweza kutumia beseni. Ni ile adabu ya fundi aliyeitwa nyumbani kwa watu, anayejua akimaliza kazi ataondoka. Heri angenipigia kelele.

Jumapili wifi yangu, dada yake, akaja kutusalimia. Akaruka lile sanduku pale kwenye korido, akasimama, akalitazama, akaniambia, "Hivi wifi, kaka yangu ameoa humu au amepanga?" Nikasema, "Karibu chai, wifi." Akasema, "Chai nitakunywa, lakini swali limebaki." Fundi akacheka kwa ajili ya kumfurahisha dada yake, na Mama naye akacheka, mimi peke yangu sikucheka.

Nimesali. Nimefunga. Nimekwenda kwa mchungaji, akasikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, akaniombea vizuri sana, halafu akasema, "Sasa nenda kamtafute mhasibu." Mhasibu simjui. Nakujua wewe.

Na juzi Mama ameniuliza. Nilikuwa nakata kola, akapapasa akaja akasimama karibu na meza, akasema, "Binti, mwaka huu mbona hujanisomea pangu?" Nikamwambia steshenari wameishiwa wino. Akasema, "Aa," akarudi chumbani kwake, na mkasi ukanitoka kwenye mstari nikaharibu kitambaa cha watu.

Kwa hiyo mshauri, naomba unielekeze. Nikiweka sahihi kwenye fomu ya Fundi nitakuwa nimeapa uongo mbele za Mungu na serikali, tena ni kama namkana mama aliyenizaa. Nikimwacha Mama nje ya fomu, yule mzee ambaye hana mtu mwingine ataona kuwa nilipopata ndoa mpya nilimfuta. Nikipeleka yangu peke yangu, Mama atabaki pake na kiapo kitakuwa safi, lakini naogopa nitampoteza Fundi akiwa bado ndani ya nyumba. Siku zinakwisha. Mume wangu angekuwepo angejua la kufanya, alikuwa na akili sana ya mambo ya ofisini.

Nisamehe kwa urefu wa barua, sikujua nina maneno mengi hivi.

Ni mimi,
Mshona Sare

*

Dada yangu Mshona Sare,

Nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni kwa sababu ya hiyo tarehe, kwa hiyo wenzako walioandika kabla yako wanisamehe. Natumaini mwenye duka la vitambaa atakufungia mzigo kwa gazeti la leo na siyo la mwezi ujao.

Nianze na pale ulipo sawa. Usiweke sahihi kwenye uongo, hata uwe uongo wa mtu mwema mwenye herufi kubwa. Mama yako mzazi ni mmoja, na ofisi ya kodi haipendi kushangazwa. Hapo ulisimama vizuri, na ningekupigia makofi kama usingekwenda moja kwa moja kumwambia bibi kizee asiyeona kwamba steshenari wameishiwa wino. Dada yangu, kumbe serikali ndiyo haidanganywi, Mama anadanganyika? Yeye kasema "Aa" na kwenda zake. Mtu aliyeishi nawe miaka yote hiyo, anayejua kuta kwa viganja, unafikiri hajui sauti yako ikiwa na kitu?

Sasa tuingie ndani.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama kila mtu, na mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Kila ulipoandika "mume wangu" nimepiga mstari. Ukurasa umejaa mistari, na yote iko chini ya marehemu. Makoti ya mume wangu. Mume wangu angekuwepo. Na huyu aliyeweka chuma bafuni, aliyeleta fomu katika bahasha isikunjike, aliyekusindikiza makaburini kupalilia kaburi la mama asiyemjua, huyu umemwita Fundi kuanzia mwanzo wa barua hadi mwisho. Hata ulipomuuliza habari ya fomu, ulimwita Fundi. Huyo ni mtu wa kumpigia simu bomba likipasuka, akishamaliza unamlipa anaondoka. Halafu unashangaa kwamba anagonga mlango.

Sikulaumu kwa kumpenda aliyekufa. Endelea kumpenda, hakuna fomu inayokuuliza hilo. Nakulaumu kwa jambo dogo zaidi. Uliolewa kanisani mbele ya watu, ukarudi nyumbani ukawaacha wote wakae kama walivyokuwa, wewe na Mama na makoti, na mume mpya ukamweka kwenye korido pamoja na sanduku lake. Kisha ukalalamika kwamba mnajikwaa.

Wifi yako hana adabu, nakubali. Mtu anakaribishwa chai anajibu hivyo. Lakini amekwenda kwenu siku moja na ameona kilichokushinda wewe kukiona kila siku unapopita.

Na Mama. Wewe unaogopa kwamba Mama ataona umemfuta. Swali langu ni hili, nani alimwambia mumeo aandike mama mzazi? Siwezi kuapa, sikuwepo. Lakini wewe umenisimulia mwenyewe, kwamba ulipoingia Mama alikuwa amefunga kilemba, yaani alikuwa amekaa rasmi kwa ajili ya kusomewa pake, na walikuwa wanacheka. Mimi nikiunganisha hayo naona mwanamume aliyeshika kalamu akimuuliza mzee, "Sasa wewe nikuandike nani?" na mzee akimjibu, "Niandike mama yake, si ndiyo mimi?" Labda nimekosea. Njia ya kujua ni fupi, iko chumba cha nyuma, na wewe hujaipita. Umeuliza mchungaji, umeniuliza mimi, umemuuliza Mungu. Mtu mwenyewe umemwambia habari za wino.

Na lile neno "mwanangu" lililokuchoma. Aliyezaa ndiye mwenye neno hilo. Lilikuwa lake kabla halijawa la kumbukumbu zako, na ameamua kulitumia tena. Alimwingiza mume mpya ndani ya nyumba kabla yako wewe. Hilo usilionee wivu, likufundishe.

Sasa kazi. Mimi si mtu wa kodi na sijui sheria ya kwenu ilivyoandikwa. Lakini mama wa steshenari naye hajui, yeye anatoa kopi. Nyote mmekuwa mkigombana juu ya maneno yaliyo nyuma ya karatasi bila mtu hata mmoja kwenda kumuuliza aliyeichapisha. Wewe mwenyewe uliwahi kusaidiwa na karani mwenye miwani, kwa swali moja tu, anakula kwa nani. Mrudie yeye, au yeyote aliyekalia kiti chake. Lakini usiende peke yako. Mwende wawili, na Mama kama miguu inamruhusu, na kilemba chake. Chukueni fomu mpya, ile ya kwanza ichaneni, isije ikapelekwa kwa bahati mbaya. Mumeo ndiye ajaze, kwa herufi zake hizo hizo, na penye uhusiano aandike ukweli mrefu kama ulivyo: mama wa marehemu mume wa kwanza wa mke, anaishi nasi, tunamtunza. Kama nafasi haitoshi, aombe karatasi ya kuambatanisha. Halafu muulizeni karani, huyu mzee wetu anawekwa wapi?

Karani akisema panafaa, mmemaliza. Akisema fomu ya pamoja haimruhusu, msibishane naye dirishani, watu wako nyuma yenu. Pelekeni ya pamoja bila yeye na hiyo nafuu iende. Najua ulitaka niseme upeleke yako peke yako, kwa kuwa ndiyo njia safi. Mwaka mwingine mkikubaliana wote kwamba kila mtu apeleke ya kwake, pelekeni, sheria inaruhusu na hakuna ndoa iliyokufa kwa hilo. Mwaka huu usifanye. Mwaka huu kwa mumeo hiyo karatasi si ya kodi, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana uliangalia cherehani.

Na Mama aambiwe ukweli, ukweli wowote utakaotoka dirishani. Akae mezani kama kawaida, asomewe fomu yote kuanzia juu, jina la mumeo, jina lako, nyumba mnayoishi. Lakini safari hii asome mumeo. Kama jina la Mama lipo, kidole chake kiwekwe pale. Kama halipo, mumeo amweleze kwa mdomo wake kwamba ofisi imekosa nafasi na nyumba inayo, na kidole chake kiwekwe hapo mlipoandika anwani. Mzee huyo hakuwahi kukuomba nafuu ya kodi. Aliomba kuitwa ili aitikie.

Kuna kazi moja inayotangulia zote hizi, na ningependa uifanye leo, ukimaliza kusoma, kabla hujakata kola nyingine. Nenda kwa Mama. Mwambie wino haukuisha. Halafu mwambie unataka kuondoa makoti kabatini, na umuulize yaende wapi, maana kabla hayajawa ya marehemu mumeo yalikuwa ya mwanawe, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumuuliza. Akitaka moja la kujifunika miguu, mpe. Mengine, wapo watu wanaosikia baridi.

Mumeo akirudi kutoka hospitalini atapita kwenye korido na kutaka kuinama aweke sanduku pale pale. Usimwache. Mwambie, "Mume wangu, leta huku ndani." Mtamkie hivyo hivyo, hata kama ulimi utakwaruza, siku ya kwanza utakwaruza. Mfungulie kabati. Akiona upande mmoja mtupu akakuuliza hapa pana nini, mwambie ni pake.